Mzigo Uachiwe Mkuku, Gadi Zilinde Wima

KABEZA, KIGALI

Katika mtaa wa Kabeza, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe, ni nadra mtu kutembea mwendo mrefu bila ya kuona nyumba inayojengwa. Chini ya zege bichi la ghorofa husimamishwa msitu wa miti ya mikalitusi, mti kando ya mti, na kila mmoja hubeba fungu lake la uzito mpaka saruji ishikane. Miti hiyo ikiondolewa mapema, zege huporomoka. Hata mtoto wa shule apitaye hapo anaelewa kwamba nguzo ndiyo iliyobeba mzigo.

Msomaji aliyeizoea picha hiyo, siku atakapofika Lamu, Nungwi au Bagamoyo wakati maji yamekupwa, ataona jambo linalofanana nayo sana. Ataona jahazi limesimama wima juu ya mchanga, na ubavuni mwake pameegemezwa miti, mitatu au minne kila upande. Atadhani kwamba miti ile ndiyo iliyolibeba jahazi. Hapo atakuwa amekosea; na kosa hilo likifanywa na mtu aliyepewa dhamana ya chombo, huweza kuvunja mbavu za jahazi na kuwaua watu wanaofanya kazi chini yake.

Miti ile huitwa gadi. Kazi yake ni kulinda wima wa chombo, basi. Uzito wa jahazi, pamoja na mlingoti wake na vyote vilivyomo, hubebwa na mkuku, yaani ule mti mkubwa ulionyooka chini kabisa, kutoka omo hata tezi, ambao juu yake chombo chote kimejengwa. Anayeielewa tofauti hiyo ameelewa nusu ya elimu ya kuweka chombo nchi kavu.

Huenda ndugu msomaji akauliza: Kabeza iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, na karibu mita 1,500 juu ya usawa wake, mkuku wa jahazi unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, nchi isiyo na pwani hupokea vyombo vyake kwa njia ya barabara. Mashua iliyoundwa pwani, ikitakiwa kuelea katika ziwa Muhazi au ziwa Kivu, hapana budi ipande juu ya lori na kusafiri milimani, na katika safari hiyo yote mkuku wake hauna maji ya kuushika. Pili, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda kwa sheria mwaka 2017. Nacho ni lugha iliyozaliwa pwani, na msamiati wa vyombo ni sehemu ya urithi wake. Tukiichukua lugha, si vyema tukaziacha elimu zake ufukweni.

MAJINI NA NCHI KAVU

Chombo kinapoelea, maji hukisukuma juu kutoka kila upande wa tumbo lake. Hakuna ubao mmoja unaobeba kuliko uwezo wake, kwa kuwa kila ubao uliozama umepata msaada wake kutoka kwa maji yaliyo chini yake. Ndiyo maana jahazi lenye shehena ya tani nyingi huweza kufunga safari ya siku nyingi na mbao zake zisifunguke.

Maji yakiondoka, msaada ule huondoka nao mara moja. Uzito uliokuwa umetandazwa juu ya eneo pana sasa hutafuta njia ya kushuka ardhini kupitia mahali pachache. Waundaji wa vyombo walilijua jambo hilo tangu kale, na wakauchagua mkuku kuwa njia hiyo. Katika viwanja vya uundaji, kama vile kijiji cha Matondoni katika kisiwa cha Lamu au Nungwi kaskazini mwa Unguja, kazi huanza kwa kuulaza mkuku juu ya magogo. Kisha husimamishwa miti ya omo na tezi, hufuata mbao za chini, na mataruma, ambayo ndiyo mbavu, huunganishwa nao. Hata mlingoti, ambao hupokea nguvu yote ya tanga, mguu wake hukaa chini, juu ya mkuku.

Kwa hiyo jahazi huzaliwa likiwa limeketi juu ya mkuku wake. Likirudi nchi kavu baada ya miaka kumi au ishirini, halina budi kuketi vilevile lilivyozaliwa. Wahenga walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na chini ya ngama hakuna kingine ila mkuku.

KUPINDA KWA MKUKU

Pamoja na nguvu zake, mkuku huweza kuharibika ukiwekwa vibaya. Tuchukue mfano wa chombo chenye uzito wa tani 20 na mkuku wa urefu wa mita 10. Fundi akiweka gogo moja kila baada ya mita moja, kuanzia ncha hata ncha, atakuwa na magogo 11, na kila gogo litabeba chini ya tani 2. Akiwa mvivu, akaweka magogo mawili tu kwenye ncha, kila moja litabeba tani 10, na katikati mkuku utaning'inia bila ya msaada. Taratibu utalegea kuelekea chini, na tumbo la chombo litashuka nao.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Mchanga ukiwa na kilima katikati, au gogo la kati likiwa refu kuliko mengine, mkuku hubebwa katikati tu, na omo na tezi huinama kama ncha za upinde. Mbao za juu huvutwa, maungio hufunguka, na kalafati, yaani pamba iliyosokomezwa na kutiwa mafuta baina ya mbao, hulegea na kutoka. Mwenye chombo atakishusha majini akidhani kimetengenezwa, kumbe kinavuja kuliko siku alipokipandisha.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja: ardhi isawazishwe kwanza, magogo yalingane kimo, na mkuku uguse kila gogo. Mafundi hupima kwa jicho na kwa kamba iliyovutwa. Pale ambapo mkuku haukugusa vizuri, hupigwa kabari ya mbao mpaka nafasi iishe. Kabari hiyo ndogo, ambayo mpita njia hataitazama mara mbili, ndiyo inayolifanya gogo libebe fungu lake.

UTARATIBU WA KUTIA GADI

Pwani ya Afrika Mashariki imejaliwa maji yenye kupwa na kujaa kwingi. Wakati wa bamvua, ambayo huja mara mbili kwa mwezi baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tofauti baina ya maji makuu na maji ya kupwa katika bandari kama Mombasa na Zanzibar huweza kufika mita 3 na zaidi. Mwenye jahazi hana haja ya winchi. Hungoja maji makuu ya bamvua, akakisogeza chombo mpaka mahali penye mchanga mgumu ulio sawa, akakifunga nanga na kamba, kisha akayaacha maji yaondoke yenyewe.

Hapo ndipo huja saa ya hatari. Kuna kipindi kifupi ambapo mkuku umekwisha gusa mchanga, lakini maji yaliyobaki hayana tena nguvu ya kukishika chombo wima. Gadi ni lazima ziwe tayari kabla ya kipindi hicho. Mabaharia huingia majini, baadhi upande wa kulia na wengine upande wa kushoto, kila kundi na miti yake, aghalabu boriti za mikoko. Amri hutolewa na mtu mmoja, nahodha au fundi, na wengine wote hunyamaza na kutii. Gadi za pande mbili husimamishwa kwa jozi: wa kulia na wa kushoto, mkabala, kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukitangulia, miti yake hukisukuma chombo kuelekea upande usio na kitu.

Kichwa cha gadi hakiwekwi popote. Hutafutwa mahali ambapo nyuma ya ubao kuna taruma, kwa kuwa ubao peke yake ukisukumwa hupasuka, lakini ubao ulioegemea ubavu husimama imara. Mguu wa gadi nao hauchomekwi tu mchangani. Huwekewa kipande cha ubao mpana ili usizame. Baada ya hapo gadi hufungwa kwa kamba, kichwa kwenye ubavu wa chombo, ili hata ikilegea isianguke.

Neno hili humfurahisha mtu wa jeshi, kwa sababu kambini nako kuna gadi, yaani walinzi wa zamu. Maneno haya mawili asili zake ni mbali mbali, lakini kazi zake zimekaribiana. Askari wa zamu hasimami langoni ili aibebe kambi mabegani. Husimama ili pasitokee jambo. Gadi ya jahazi nayo, chombo kikiwa wima barabara na pasipo upepo, haibebi karibu kitu chochote. Fundi akiigonga kwa kiganja na kuiona imekaza kiasi, hutosheka. Akiikuta imebanwa mno hata ubao umeanza kuingia ndani, hutambua kwamba mzigo umekwisha hama kutoka kwenye mkuku, naye hurudi kuangalia magogo yake.

Chombo kikisha kutulia, kazi hufanywa kwa haraka baina ya maji mawili. Majani na viumbe vilivyojishikiza hukwanguliwa, tumbo huchomwa kwa moto wa makuti ili kuwaua wadudu watoboao mbao, kalafati hurudishwa, kisha chini hupakwa mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na juu hupakwa sifa. Watu hulala chali na kuchutama chini ya tani zile kwa saa nyingi. Maisha yao, kwa saa hizo, yamo katika mikono ya yule aliyesimamisha gadi.

VIPI CHOMBO HUANGUKA

Ajali ya namna hii huanza mbali na jicho. Maji yakirudi, mchanga ulio chini ya mguu wa gadi hulainika. Wimbi dogo hukigusa chombo na kukitikisa kidogo. Gadi ya upande mmoja hulegea na nyingine hubanwa. Wimbi la pili huja, na ile iliyolegea huchomoka. Sasa chombo kimepata nafasi ya kuinama, na kila kinapoinama kidogo zaidi, ndivyo uzito wake unavyotoka juu ya mkuku na kuiendea gadi ya upande ule wa chini. Gadi ambayo asubuhi ilikuwa haina kazi, sasa imepewa kazi ambayo haikuumbiwa. Ama huvunjika, ama hutoboa ubao na kuingia ngamani. Vyovyote vile, jahazi hulala.

Wakati mwingine sababu ni mwanadamu. Fundi anataka kupaka rangi mahali kichwa cha gadi kilipogusa, akaiondoa kwa dakika mbili tu. Au kijana anahitaji boriti kwa kazi nyingine, akaiona hii imesimama bure. Kanuni ya zamani haina huruma katika jambo hili: gadi haiondolewi mpaka nyingine imekwisha simamishwa kando yake na kukazwa. Na wala mtu haingii chini ya chombo peke yake, pasipo mwenzake aliye nje akiangalia.

Chombo cha mbao kinachokaa nchi kavu kwa muda mrefu kina adui mwingine, nalo ni jua. Miezi ya kusi kali, baina ya Juni na Agosti, wenye vyombo wengi wamezoea kuvipumzisha. Mbao zikikauka kupita kiasi husinyaa, na nafasi baina yake hupanuka. Kwa hiyo chombo huezekwa makuti juu, na mbao hulowanishwa maji. Anayesahau jambo hilo atakuta mkuku wake uko salama na gadi zake ziko imara, lakini mbao zake zinapitisha mwanga.

MASHUA ZA ANASA NA VITANDA VYA CHUMA

Katika vilabu vya mashua za matanga vilivyoko Msasani jijini Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na katika viwanja vya kutengenezea mashua kama kile cha hori la Kilifi, hupatikana vyombo vya aina nyingine. Mashua hizi nyingi zimetengenezwa kwa faiba, na mkuku wake haukutandaa kutoka omo hata tezi. Ni mfupi na wenye kina, umening'inia chini ya tumbo kama pezi la samaki, na ndani yake mna risasi au chuma. Mara nyingi theluthi moja ya uzito wa chombo, na pengine karibu nusu, imo katika pezi hilo, nalo limeshikwa kwa parafujo nene za chuma.

Mtu angeweza kudhani kwamba kanuni ya jahazi haihusu mashua ya namna hii. Ukweli ni kwamba inaihusu zaidi. Kitanda cha chuma kinachotumika kuihifadhi kina boriti nene ya chini, ambayo juu yake huwekwa magogo ya mbao ngumu, na pezi huketi hapo na kupokea karibu uzito wote. Mikono ya pembeni, yenye vibao vipana vilivyofunikwa zulia au mpira, huinuliwa kwa parafujo mpaka iguse tumbo, kisha hukazwa kidogo tu. Mwenye pupa huzungusha parafujo mpaka ashindwe, akidhani anaongeza usalama. Baada ya wiki chache tumbo la faiba hubonyea ndani mahali pale pale, na nyufa ndogo huanza kuonekana.

Vibao hivyo huwekwa mkabala na kuta za ndani za chombo, kwa sababu ile ile iliyomfanya fundi wa Lamu alitafute taruma. Pale ambapo pana nguzo za chuma zilizosimama mbali mbali badala ya kitanda kizima, nguzo ya kulia na ya kushoto huunganishwa kwa mnyororo unaopita chini ya chombo, ili miguu isiteleze nje. Chini ya miguu huwekwa mbao pana endapo ardhi ni laini. Turubai la kufunikia mashua halifungwi kwenye nguzo, kwa maana upepo ukilijaza huivuta nguzo na kuichomoa. Matundu ya kutolea maji huachwa wazi, kwani mvua ya masika ikijaa ndani huongeza mzigo ambao hakuna aliyeupigia hesabu.

Ukilinganisha orodha hiyo na desturi za mabaharia wa majahazi, utaona kwamba zinafanana karibu jambo kwa jambo, ingawa chuma kimechukua nafasi ya boriti, na mnyororo nafasi ya kamba.

VYOMBO VILIVYOPANDA MILIMA

Historia ya eneo letu la Maziwa Makuu inao mfano maarufu wa vyombo vilivyosafiri mbali na maji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamelitawala ziwa Tanganyika. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ililetwa ikiwa vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Hiyo ndiyo meli ambayo baadaye, mwaka 1927, ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa kuwa ililetwa vipande, mkuku wake haukuwa na shida njiani.

Waingereza walichagua njia nyingine. Mwaka 1915 walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, zikiwa nzima. Ziliteremshwa Cape Town, zikapakiwa gari moshi hadi Fungurume katika Katanga, kisha zikakokotwa na matrekta ya mvuke na makundi ya ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kabla ya kufikishwa ziwani kwa reli na kwa mto Lualaba. Zilikuwa za mbao nyembamba, na katika safari hiyo yote zilikuwa zimelazwa juu ya vitanda. Zilishushwa majini mwezi Desemba 1915, na tarehe 26 ya mwezi huo zikaiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 meli ya Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Wanahistoria wamezoea kuwasifu makamanda. Ni haki kukumbuka pia kwamba mashua iliyopindika mkuku huko Mitumba isingeweza kupigana vita vyovyote ziwani, na kwamba waliokata njia, waliojenga madaraja na waliovuta kamba walikuwa Waafrika.

Karibu zaidi na siku zetu, mwaka 2018 lilishushwa majini huko Lamu jahazi dogo liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, na kupambwa kwa ndara zipatazo 30,000. Fundi wake mkuu alikuwa Ali Skanda wa Lamu. Mwaka 2019 lilisafiri mpaka Zanzibar, na mwaka 2021 likabebwa kwa barabara hadi Kisumu, likatembelea pwani za ziwa Victoria nchini Kenya, Uganda na Tanzania kupeleka ujumbe dhidi ya uchafuzi. Huo ni ushahidi kwamba chombo cha tanga kilichoundwa kwa mikono ya pwani chaweza kufika bara kikiwa kizima, endapo kimeketishwa sawasawa juu ya gari.

VILIVYOKAA NCHI KAVU MOJA KWA MOJA

Vipo pia vyombo ambavyo havitarudi majini. Huko Oman, meli ya Sohar iliyoshonwa kwa kamba za nazi mjini Sur mwaka 1980, na ambayo baharia Tim Severin aliiongoza kutoka Muscat mpaka Canton nchini China kati ya mwaka 1980 na 1981, imesimamishwa nchi kavu karibu na Al Bustan, Muscat. Katika mji wa Sur, ambao mabaharia wake walizoea kuja Zanzibar na Lamu kwa pepo za kaskazi, imehifadhiwa Fatah al-Khair. Watalii huzipiga picha meli hizo. Anayejua hutazama kwanza chini, aone zimeketishwaje.

Mfano wa kuonya zaidi uko Sweden. Meli ya kivita Vasa ilizama bandarini Stockholm mwaka 1628, siku ya safari yake ya kwanza, ikaopolewa mwaka 1961 baada ya miaka 333 chini ya maji. Ilikuwa imebaki karibu nzima, jambo la ajabu. Lakini tangu ilipowekwa katika jumba lake la makumbusho, vipimo vimeonyesha kwamba inaendelea kupinda na kuinama polepole juu ya kitanda chake, kwa sababu mbao zilizodhoofika hukandamizwa pale zinapogusa vishikizo. Wataalamu wamelazimika kubuni kitanda kipya cha kuigawia mzigo wake vizuri zaidi. Bahari ilikuwa imeihifadhi kwa karne tatu. Nchi kavu imeitia mashakani katika maisha ya mtu mmoja.

WAJIBU ULIOPO

Yako mambo machache ambayo kila mwenye dhamana ya chombo, awe wa jahazi pwani, wa mashua ya uvuvi ziwani au wa lori lililopewa kazi ya kubeba mashua, hana budi kuyashika. Ardhi ipimwe na kusawazishwa kabla chombo hakijafika. Mkuku uguse magogo yote, na kabari zikaguliwe kwa mkono, si kwa macho peke yake. Gadi zisimamishwe kwa jozi, vichwa mkabala na mbavu, miguu juu ya mbao, na kamba zikazwe. Siku ya pili na ya tatu ukaguzi urudiwe, kwa kuwa ardhi hukaa chini baada ya kupokea mzigo, na gadi iliyokuwa imekaza hulegea. Mwenye kutoa amri awe mmoja, naye asiondoke mahali pa kazi watu wangali chini ya chombo.

Elimu hii kwa muda mrefu imerithishwa kwa mdomo, baba kwa mwana na fundi kwa mwanafunzi. Vijana wanaoingia kazi hiyo wamepungua, na mafundi wazee wanaondoka na maneno yao. Vyuo vya ufundi katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki vingefanya jambo la maana kuwaalika mafundi wa Matondoni na Nungwi wafundishe, na kuyaandika mafundisho yao kwa Kiswahili, ili kijana wa Rubavu au Karongi anayetengeneza mashua ufukweni Kivu asome kitabu kimoja na mwenzake wa Tanga. Gharama yake ni ndogo. Chombo kimoja kikianguka, familia kadhaa hupoteza riziki yao asubuhi moja, na pengine hupoteza zaidi ya riziki.